Maharamia wa Katuni katika Mabanda ya Video ya Dar es Salaam: Maelezo Juu ya Lugha ya Watafsiri na Jukwaa la Maigizo

Makala haya yahusu jambo ambalo wasomi wa lugha yetu aghalabu hulipita njiani bila ya kuliangalia, nalo ni Kiswahili kinachosemwa juu ya filamu za kigeni katika mabanda ya video ya Temeke, Kinondoni na vitongoji vinavyopakana navyo. Miongoni mwa filamu hizo zimo katuni, na miongoni mwa katuni limo kundi moja lipendwalo karibu kila mahali ulimwenguni, yaani hadithi za maharamia wa baharini. Nimelichagua kundi hilo kwa sababu Kiswahili ni lugha ya pwani, na akiba yake ya maneno ya chombo, upepo na mawimbi ni kubwa; hivyo twaweza kuona waziwazi mtafsiri amechukua nini katika akiba hiyo na ameacha nini. Tena kuna sababu nyingine iliyo ngumu zaidi. Neno haramia limepewa siku hizi kazi ya pili, ya kumtaja mtu anayenakili filamu pasipo idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayeisimulia hadithi ya haramia kwa Kiswahili katika kibanda cha Tandika huweza kuitwa haramia yeye mwenyewe, na kazi yake ikahesabiwa kuwa ni mali ya wizi isiyostahili kuhifadhiwa. Mimi naona kwamba inastahili, na katika kurasa hizi nitajaribu kueleza kwa nini.

Yafaa kwanza tueleze banda lenyewe, kwa ajili ya msomaji asiyepata kuingia humo. Ni chumba cha mabati au mbao, pengine cha matofali, chenye mabenchi, televisheni moja au mbili, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu na mechi za siku hiyo. Watu wa mjini wameliita kwa utani kibanda umiza, maana joto na mabenchi yake huumiza kweli. Kiingilio ni kidogo, na watazamaji wengi ni vijana na watoto. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo aliyetaka picha alikwenda katika majumba ya sinema ya katikati ya mji, kama Empire, Empress na Avalon, au tangu mwaka 1966 katika sinema ya magari iliyokuwa upande wa Msasani, ambayo mahali pake sasa pamejengwa ubalozi wa Marekani. Kanda za video ndizo zilizoitoa filamu katika majumba hayo na kuitia katika vitongoji. Lakini ilipofika huko ilikuwa bado inasema Kiingereza, Kihindi au Kichina.

Hapo ndipo alipotokea mtafsiri. Yeye hukaa na kipaza sauti, filamu inakwenda mbele yake, naye hupunguza sauti ya asili kila anapotaka kusema na kuirudisha anaponyamaza, ili milipuko na muziki visikike. Sauti zote mbili hunakiliwa pamoja katika kanda, na baadaye katika diski, ambayo huuzwa au hukodishwa kwa mabanda. Mtu ni mmoja tu. Yeye ni shujaa, yeye ni adui, yeye ni binti mfalme, na zaidi ya hao wote yeye ni msimulizi anayekaa nje ya hadithi na kutuambia nani ni nani. Mashuhuri kupita wote katika Dar es Salaam mwanzoni mwa karne hii alikuwa Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu, aliyejiita Kapteni. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz aliyeichunguza kazi hii, aliipa makala yake moja kichwa kinachosema juu ya kuugeuza wali kuwa pilau. Sijaona maelezo yanayoizidi tashbihi hiyo. Wali ni ule ule, lakini bizari, karafuu na nyama vimetiwa na mpishi, na anayekula hamsifu mkulima wa mpunga.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Baraza la Kimataifa la Misheni, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, uliotengeneza filamu za mafundisho kwa Waafrika wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Filamu hizo hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, au yalisemwa kwa kipaza sauti mahali pale pale pa maonyesho. Waliozisimamia, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, walilifanya hilo kwa ajili ya kuokoa gharama na kwa kuwa lugha za watazamaji zilikuwa nyingi. Tofauti yao na mtafsiri wa Temeke ni kwamba maneno ya Vugiri yalitoka kwa mwenye filamu, na yalikusudiwa kumfunza mtazamaji kilimo, afya na kuweka akiba, hali ya kuwa maneno ya Temeke yanatoka kwa mtazamaji aliyetangulia kuiona filamu na sasa anawahadithia wenzake.

Kutangulia kuona na kuwahadithia wenzako ni kazi ya jukwaani, na hapo twafika kwenye vikundi vya maigizo. Katika miaka ya 1980 na 1990 vitongoji vya Dar es Salaam vilikuwa na maonyesho ya jioni katika kumbi na baa, yaliyofanywa na vikundi vya utamaduni kama Muungano, na tangu mwaka 1992 Tanzania One Theatre, kwa kifupi TOT, kilichoongozwa na Kapteni John Komba hata alipofariki mwaka 2015. Onyesho moja lilichanganya ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na muziki, na mtu alilipa kiingilio kimoja kwa vyote. Michezo ile haikuwa na maandishi. Kiongozi alieleza kisa na mpangilio wa matukio, kila mwigizaji akajua anaingia lini na kwa shari gani au kwa mapenzi gani, na maneno yenyewe yakazaliwa mbele ya watazamaji. Siri Lange wa Norwe, aliyeandika tasnifu juu ya tamthilia hizo mwaka 2002, ameonyesha jinsi zilivyobeba mabishano ya mjini juu ya ndoa, fedha na heshima. Baadaye televisheni iliwavuta watazamaji na waigizaji pia. Kikundi cha Kaole kilijulikana nchini kote kwa michezo yake katika ITV, na baadhi ya wasanii wake, kama marehemu Steven Kanumba na Vincent Kigosi, waligeuka kuwa nyota wa filamu za video.

Sisemi kwamba watafsiri wa filamu walitoka katika vikundi hivyo. Ninalosema ni kwamba masikio ya watazamaji yalikuwa ni yale yale. Mtu aliyezoea kichekesho cha jukwaani, ambamo mwigizaji husimamisha kisa ili amtanie mtu wa benchi la mbele, hatashangaa kumsikia mtafsiri akisimamisha mapigano ya panga ili aseme kwamba huyu adui ana deni kama la mpangaji wa Mwananyamala. Katika jukwaa la Temeke maneno hayakupata kuwa mali ya karatasi, na mtafsiri ameichukulia filamu kama kiongozi wa kikundi alivyolichukulia simulizi lake: matukio yamepangwa, maneno ni yako. Wanaomlaumu kwamba hakutafsiri sawasawa wanampima kwa kipimo cha kitabu, na kipimo hicho si chake. Nayo sheria yetu, kwa bahati au kwa busara, iliviweka viwili hivi chini ya paa moja zamani: Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ilihusu filamu na michezo ya kuigiza kwa pamoja.

Katuni humrahisishia kazi mtu huyu. Katika filamu ya watu, mdomo wa mwigizaji hufumba na kufumbua kwa maneno ya lugha nyingine, na jicho la mtazamaji huona kwamba sauti haikutoka hapo. Katika katuni mdomo ni mchoro. Tena kwa kawaida wachoraji wa katuni hurekodi sauti kwanza, ndipo wakachora midomo kuifuata; yaani hata katika lugha ya asili sauti ya kiumbe yule ni ya mtu aliyesimama chumbani mbele ya kipaza sauti, asiyefanana naye kwa lolote. Mtafsiri wa banda hamnyang'anyi mtu sauti yake ya mwilini. Anakivika kikaragosi joho jingine. Wataalamu wa istilahi wameita sanaa hii uhuishaji, kutokana na huisha, kukitia uhai kitu kisichokuwa nacho. Watu wa mitaani husema katuni au vibonzo, na maneno hayo mawili yalikuwa kwanza ya michoro ya magazetini, ile ya akina Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Mimi sina ugomvi na katuni, ila naona kwamba uhuishaji ni neno lenye faida kwa mada yetu, kwa kuwa laweza kuwataja pamoja mchoraji aliyeitembeza picha na msimulizi aliyeisemesha kwa lugha yetu.

Sasa na tuliangalie neno lenyewe. Haramia limetokana na Kiarabu, ambamo *harami* ni mwizi, na mzizi wake ni ule ule wa haramu. Katika kamusi za zamani limepewa maana ya mnyang'anyi wa bara na wa bahari bila ya ubaguzi. Lugha nyingi za Ulaya zimelichukua neno lao kwa Kiyunani, kutoka katika mzizi wenye maana ya kujaribu na kushambulia; kwa hiyo katika sikio la mtoto wa London neno hilo lina ladha ya kujaribu bahati, na hadithi za vitabu zimeongeza kasuku, kofia ya pembe tatu na mguu wa gogo mpaka mtu yule akawa karibu kupendeza. Haramia hana ladha hiyo. Ndani yake mna hukumu tayari. Mtu akiitwa haramia, amekwisha kutengwa na halali kabla hajafanya neno.

Wala watu wa mwambao huu hawakumjua haramia kwa picha tu. Mwaka 1585, na mara ya pili mwaka 1588 na 1589, Mir Ali Bey alikuja na majahazi ya Kituruki akiwashambulia Wareno katika pwani yetu, na Wareno wakamwita haramia. Miji kadhaa ya Waswahili ilimpokea kama mkombozi mpaka alipokamatwa Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini, waliokuwa wamekwisha kuvitesa visiwa vya Ngazija na jirani zake, walivuka wakauvamia mji wa Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia. Magofu ya Kua yangalipo. Watu walichukuliwa utumwani, na mji haukupata kuwa mji tena. Huyo ndiye haramia tuliyerithi: hana kasuku, na hakuna aliyetamani kuwa yeye.

Kwa hiyo katuni ya maharamia inapofika katika banda la Mtoni au Mbagala, mtafsiri ana tatizo la maana kabla ya tatizo la msamiati. Shujaa wa filamu ni haramia, na watoto wametakiwa wampende. Njia ya kawaida ni kumgawa haramia sehemu mbili, yaani yule mbaya akabaki na jina lake kamili, na yule mzuri akapewa jina la kazi: baharia, nahodha, au Kapteni tu. Watafsiri wa vitabu walikutana na jambo hili zamani. Tafsiri ya Kisiwa chenye Hazina, hadithi ya Robert Louis Stevenson juu ya maharamia na fedha zilizofukiwa, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920, naye Frederick Johnson alishiriki katika kazi hiyo. Ni Johnson huyu huyu aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo kwa kuhamahama kutoka Dar es Salaam hata Makerere, na Mombasa, na kurudi Dar es Salaam mwaka 1964, imekuwa asili ya taasisi ya chuo kikuu chetu. Basi haramia wa kigeni aliingia katika Kiswahili Sanifu kwa mlango wa mbele, akiandamana na mkuu wa nyumba.

Nimesema kwamba msamiati wa bahari ni kipimo kizuri, nami nitakaa hapa kidogo. Mkazi wa Kinondoni leo analijua neno nahodha, lakini amelijua kutoka uwanja wa mpira, ambako nahodha ni mchezaji anayevaa kitambaa mkononi. Anajua usukani kwa gari. Rubani kwake huendesha ndege, ingawa zamani alikuwa mwongoza chombo baharini. Abiria, ambaye kwa asili ni mwenye kuabiri, mwenye kuvuka maji, hupanda daladala ya Tandika bila ya kulowa hata unyayo. Dira imekuwa ya maendeleo. Mambo yakiharibika ofisini twasema yamekwenda mrama, na wachache wanafikiri juu ya chombo kinachoyumba kwa mawimbi. Maneno haya yamepanda nchi kavu moja baada ya jingine kwa muda wa miaka mia, pasipo mtu kuyaamuru.

Katuni ya maharamia huyarudisha majini. Katika muda wa saa moja na nusu mtoto wa banda huyasikia yakifanya kazi yake ya kwanza, na picha iko mbele yake ikimwonyesha: usukani ni gurudumu la mbao lililo nyuma ya chombo, nahodha ndiye anayelishika au kuliamuru, na chombo kikienda mrama watu wanaanguka kweli. Sijui njia nyingine ya bei hiyo ya kufundisha historia ya maneno. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kadiri mtafsiri mwenyewe alivyo na maneno. Aliyekulia karibu na wavuvi wa Mjimwema au Feri atasema tweka tanga, ng'oa nanga, foromali imevunjika. Asiyekulia huko atasema pandisha kile kitambaa, twende zetu. Watazamaji watacheka vilevile, na filamu itaisha vizuri vilevile. Hata hivyo msomi wa lugha anayesikiliza diski mbili za namna hiyo ameshika mkononi ramani ya mahali ambapo msamiati wa bahari umebaki na mahali ulipokufa.

Tuichukue filamu moja tuifanye jiwe la kujaribia. Mwaka 2008 ilitolewa katika Marekani katuni iitwayo The Pirates Who Don't Do Anything, ambamo wahusika ni mboga na matunda yenye macho na midomo. Watu watatu, mmoja tango, mmoja kibuyu, mmoja zabibu, ni wahudumu katika ukumbi ambamo wageni hula chakula cha jioni huku kikundi cha maigizo kikiwachezea mchezo wa maharamia. Hao watatu watamani kupanda jukwaani, lakini mmoja ni mwoga, mmoja ni mvivu, mmoja hajiamini. Kwa ajabu fulani wanatupwa katika karne ya 17, ambako binti mfalme anatafuta mashujaa wa kumwokoa kaka yake mikononi mwa haramia wa kweli, ambaye ni ami yao. Kisa chote kimejengwa juu ya tofauti kati ya kuwa na kuigiza kuwa.

Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni rahisi kuieleza kuliko kwa lugha ya filamu yenyewe, kwa kuwa vitenzi vyetu vinaibeba: mtu huiga, huigiza, hujifanya, na kila kimoja kina kipimo chake cha uongo. Mwigizaji huigiza haramia, na hana kosa. Anayejifanya haramia anadanganya. Wale watatu waanza kwa kutaka kuigiza, wakatiwa mahali pa kujifanya, wakaishia kutenda. Jina la filamu ndilo lenye taabu. Maharamia Wasiofanya Lolote ni sahihi kwa sarufi, lakini limelala. Tena lina ukinzani ambao asili haina, maana haramia asiyetenda haramu ni haramia kwa njia gani? Mtafsiri wa jukwaani hatakwenda huko. Mjini petu pana usemi mwanamume suruali, wa kumwita mtu ambaye uanaume wake umeishia katika vazi. Maharamia Suruali lingefahamika Temeke kabla ya picha ya kwanza kuonekana, na lingeeleza kisa chote, kwani watatu wale wana mavazi ya kazi wasiyoiweza. Kamati ya istilahi isingelipitisha. Mwalimu Nyerere, alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alifanya jambo la jamii hii hii: alichukua neno ambalo watu wake walikuwa wanalisikia kila siku likiwa na hukumu ndani yake, akaliweka mahali pa neno la kawaida la biashara, na mchezo mzima ukasomeka kwa mwanga mwingine. Hakuna aliyesema kwamba hakujua Kiingereza.

Haya ni mambo ya ufundi. Yaliyobaki ni ya sheria, nayo hayapendezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 imempa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri ya kazi yake, na filamu zinazosimuliwa katika mabanda kwa kawaida hazikuombewa idhini kwa mwenyewe. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutaka stempu ya kodi katika kila kanda na diski ya muziki na filamu. Wasanii wa nchini walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu diski moja ya magendo yenye filamu nyingi ndani yake huuzwa kwa bei ambayo mtengeneza filamu wa Kinondoni hawezi kushindana nayo, na kazi zake mwenyewe hunakiliwa vivyo hivyo. Katika mabishano hayo neno uharamia lilienea magazetini na katika hotuba. Nadhani lilichaguliwa kwa kufuata lugha za kigeni tu, lakini katika Kiswahili lilileta zaidi ya lilivyotumwa, kwani lilimtia mnakili katika haramu, si katika kosa la kibiashara. Na kwa kuwa halitofautishi, limewajumuisha watu wawili wasiofanana: yule anayenakili diski elfu kwa mashine bila ya kuongeza herufi, na yule aliyekaa usiku kucha na kipaza sauti akiitungia filamu maneno elfu kumi.

Tangu hapo njia za halali zimefunguka. Ubongo, shirika la Dar es Salaam, lilianza mwaka 2014 kuonyesha katuni za mafundisho kwa Kiswahili katika TBC, zilizochorwa na kusemwa hapa hapa, na baadaye likaongeza zile za mtoto Akili. Kampuni ya StarTimes iliendesha mwaka 2016 mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili kwa ajili ya tamthilia za Kichina, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Azam TV nayo imeonyesha tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Kazi hizo ni safi, zina mkataba, zina mwigizaji mmoja kwa mhusika mmoja, na mkalimani wa maandishi ametangulia. Zinahifadhiwa pia, maana zina mwenyewe. Lakini hazisimamishi mapigano ili zimtanie mpangaji wa Mwananyamala. Yule msimulizi wa nje ya hadithi ameondolewa, na pamoja naye imeondoka ile sehemu ya lugha iliyokuwa yetu tupu.

Hizo kanda na diski za mabanda zinapotea upesi. Kanda ya VHS huota ukungu katika hewa ya pwani. Diski ya bei nafuu hukwaruzika baada ya maonyesho machache. Na vijana sasa huhamisha filamu katika simu na kuzifuta nafasi ikijaa. Mwenye haki ya picha hana haja nazo, na mwenye sauti hathubutu kuzidai. Maktaba hazizipokei, kwa hofu ya sheria au kwa kuona haya. Na bado chuo chetu kilikwisha kuonyesha njia. Orodha ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970 ilihusu hati za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya chuo Dar es Salaam, na pamoja na hati hizo ilihesabu kanda za sauti. Watu wa wakati huo walifahamu kwamba utenzi unaosomwa kwa sauti si kitu kile kile na utenzi ulioandikwa. Wala hawakumwuliza mtunzi wa zamani kama aliomba idhini alipokichukua kisa chake katika vitabu vya Kiarabu vya vita vya Mtume. Lau wangemwuliza, nusu ya rafu zao zingebaki tupu.

Si lazima kuihifadhi picha, ambayo ni mali ya mwingine na inapatikana penginepo. Yatosha kunakili sauti ya mtafsiri peke yake, kwa ruhusa yake akiwa hai, na kuandika pembeni jina la filamu, jina alilotumia kazini, kitongoji alichofanyia kazi, lugha aliyozaliwa nayo, na mwaka kwa kadiri unavyojulikana. Kwa katuni za maharamia ningeongeza orodha ya maneno ya bahari kama yalivyotamkwa, hata yale yaliyokosewa, kwani mtu anayeita mlingoti nguzo ametueleza jambo.

Lipo pia swali la jina la mtu huyu katika orodha hiyo. Sarufi ya vitabu yataka mfasiri. Yeye mwenyewe, na majalada ya diski zake, husema mtafsiri, akiunda jina moja kwa moja kutoka katika kitenzi tafsiri. Vijana wengine husema DJ, kama huko Uganda wanavyosema VJ. Wapo wanaopendelea msimulizi, nalo ni zuri, ila linaiacha kando kazi ya kuvuka lugha. Mimi ningemwandika mtafsiri, na mfasiri abaki kwa yule wa vitabu. Tofauti ya silabi moja yatosha kuonyesha kwamba mmoja alikaa mezani na mwingine alisimama mbele za watu.